Mheshimiwa Si Jina

Jumanne, mvua ya Rungwe imeshakaa kitako juu ya bati
kama mgeni asiye na haraka ya kuaga,
Subilaga akafungua daftari la Uraia, akasogeza koroboi.
"Baba, mwenyekiti wa kitongoji chetu?"
Huyo rahisi. Ambakisye Mwasakilali,
anaziba pancha pale njia panda,
na muhuri wetu unalala mfukoni mwake
pamoja na gundi na kipande cha msasa.
"Diwani wa kata?"
Nikakohoa.
"Andika Mheshimiwa."
"Mheshimiwa si jina, Baba."

Mimi ninayekijua kikosi kizima, kipa hadi wa akiba,
nani kaumia goti, nani kauzwa na kwa bei gani,
ninayemjua ng'ombe wa jirani kwa jina, na mama wa ng'ombe huyo,
nilisimama mlangoni nikapaza sauti kuvuka migomba:
"Mama Lusajo! Diwani wetu nani?"
"Yule mnene!"
"Jina?"
"Aligawa kofia!"
Nyumba ya tatu mtu akajibu bila kuulizwa
kwamba yule alishafariki. Mwingine akabisha,
aliyefariki ni aliyetangulia, huyu wa sasa kahamia Tukuyu mjini.
Mvua ikatia neno lake. Hatukusikilizana tena.

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.
"Mwangalie kwenye Hisabati."
"Nani?"
"Diwani. Si wewe uliyelifunika daftari?"

Kweli. Januari, karatasi za kufunikia zilipokwisha dukani,
nilibandua bango ukutani pa mashine ya kusaga,
nikalikunja, picha ndani, weupe nje.
Tukalivua jalada taratibu, kama bandeji.
Alikuwemo: tai, tabasamu, mkunjo ukimpita puani.
GWAKISA MWAMBENJA. Chini yake namba ya simu
na ahadi tatu, ya pili ikiwa daraja letu.
Miezi yote hii kabebwa mgongoni mwa mwanangu,
asubuhi na alasiri, akivushwa mto
juu ya magogo mawili, moja limeoza,
uso wake umelalia jedwali la kuzidisha.

Sikucheka. Salio lilikuwa shilingi mia mbili.
Nikapiga.
Akapokea akitafuna. Nyuma yake mtoto analia,
sufuria inaanguka, mwanamke anauliza nani tena saa hizi.
Nilikuwa nimezipanga heshima zangu zote,
shikamoo, samahani kwa usumbufu, sisi wananchi wako,
zikagombea mlango, hata moja isitoke.
Subilaga akaninyang'anya simu.
Akasema jina lake, shule, darasa la tano.
Akasema gogo la kushoto linazama ukilikanyaga,
na jana Anyisile wa darasa la pili kapoteza kiatu,
nusura apotee naye.
Kule, kutafuna kukakoma.
"Binti, wewe unapigia kura kituo gani?"
"Sijafika umri wa kura. Mimi navuka tu."

Salio likaishia hapo.

Tukailaza simu mezani, kioo juu, tukala ndizi zetu.
Haikuita. Betri ikapungua kijistari kimoja.
Nikaiandika namba ukutani kwa mkaa,
chini ya ile ya daktari wa mifugo, juu ya fundi redio,
pasipo cheo, jina tu, tulizoee.
Kesho nitauza mkungu, nitie salio la kutosha,
na safari hii heshima zitasubiri nje.

Subilaga alikuwa amesharudi kwenye swali la tatu,
kalamu imesimama hewani.
"Mbunge wa jimbo?"
Nikamtazama mama yake. Mama yake akanitazama.
Kisha sote watatu, bila kusema neno,
tukaligeukia daftari la Sayansi.